Pikapu ya zamani Dar: dalili, vyanzo, na pa kumwachia fundi

Wengi wanaofilisika kwa kufufua pikapu ya zamani hufilisishwa na spea ambazo gari halikuzihitaji. Gari linachemsha, mtu anakimbilia Shauri Moyo kununua pampu ya maji. Linachemsha tena, ananunua rejeta ya mtumba. Baada ya hapo mafundi wanashusha hedi (kichwa cha injini, kinachofunika silinda kwa juu), na mwishowe inagundulika kuwa kofia ya rejeta ndiyo ilikuwa haibani.

Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili unayoiona au kuisikia, halafu vyanzo vyake kuanzia kile kinachojirudia zaidi, ukaguzi wa bure ukitangulia. Maelezo yanaegemea Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L, kwa sababu zimejaa mjini na spea zake hazisumbui kupatikana. Sehemu kubwa inafaa pia kwa Nissan Hardbody, Isuzu au Mazda ya umri huo.

Vifaa: seti ya spana, mita ya kupimia volti, tochi, nyundo ndogo, jeki na stendi mbili za chuma. Hizo stendi ni lazima. Tofali la saruji hupasuka bila taarifa, na jeki ya haidroliki hushuka mafuta yake yakivuja. Usiingie chini ya gari lililobebwa na kimojawapo, hata kwa dakika moja ya kuchungulia.

Kabla ya dalili yoyote: gonga chesisi

Huu ndio ukaguzi unaoamua kama kuna haja ya kuendelea. Dar ni mji wa chumvi. Pikapu iliyobeba samaki kutoka Feri kwa miaka mingi imekuwa ikidondoshewa maji ya chumvi kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi, na rangi mpya inayong'aa juu haisemi lolote kuhusu huko chini. Gari lililokuwa likilala karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, nalo lina yake.

Angalia zaidi pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, pale chesisi inapopinda kupita juu ya eksili ya nyuma, na vyuma vya kukingama karibu na tenki. Gonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia kwa ukali. Kilichooza hutoa mlio mfu, au nyundo inaacha kishimo. Angalia pia ndani ya chesisi kwa tochi kupitia matundu yake, maana tope la mvua za masika hukaa humo na kuila kuanzia ndani.

Kutu ya juu juu unaimaliza mwenyewe: brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Tobo kwenye sakafu ya kabini au kwenye bodi ni kazi ya fundi wa kuchomelea wa kawaida. Tobo au ufa kwenye chesisi yenyewe, hasa kwenye mikono ya springi, ni mahali pa kusimama. Mtafute fundi anayefanya chesisi za malori, na uone kazi yake kabla hajaanza yako: akate chuma kilichooza hadi afike kizima. Anayekuambia atabandika bamba juu ya kutu anakuuzia ajali ya baadaye.

Siku ya kuchomelea, betri itolewe nyaya, oltaneta ichomolewe, na mabomba ya mafuta yaliyo karibu yaondolewe. Tenki likiwa jirani na moto, lishushwe. Wale wa kuosha magari wanaopuliza oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu waambie waache: oili hiyo inaozesha bushi za mpira, na ikifika kwenye breki za nyuma umenunua tatizo jingine.

Chesisi ikiwa imeoza pande zote mbili, uza kwa vipuri na utafute gari jingine. Najua inauma. Injini nzima, giaboksi na difu (boksi la gia katikati ya eksili) za gari hilo bado zina wanunuzi Gerezani.

Unapiga stata, inalia "tik" au inazunguka kwa uvivu

Chanzo cha kwanza ni vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe au wa kijani. Mwagia maji ya moto, piga brashi, kaza. Kisha pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki takriban nusu. Mwambie mtu apige stata huku ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au haijachajiwa. Ikibaki juu ya 11 na stata bado inajivuta, umeme unapotelea njiani.

Hapo weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bloku ya injini, stata ipigwe tena. Zaidi ya nusu volti maana yake waya wa eathi umeoza, mara nyingi ndani ya ganda lake ambako huoni. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi kwenye stata.

Nyaya zikiwa salama na unasikia "tik" moja nzito bila mzunguko, usikubali haraka kununua stata nzima. Kwenye stata za Toyota kuna vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku) ambavyo huliwa na cheche. Vinauzwa peke yake na fundi umeme huvibadilisha upesi. Baada ya hapo ndipo ufikirie kaboni na bushi za stata.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki, hasa asubuhi

Kwenye dizeli ya zamani, kwanza shuku hewa. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ya mkono. Ibonyeze kabla ya kupiga stata: ikiwa laini na unabonyeza mara nyingi kabla haijakaza, mafuta yalirudi tenki usiku na hewa imeingia. Kagua mipira midogo ya mafuta na vibano vyake, ringi ya filta, na koki ya kutolea maji chini yake. Hewa inaweza kuingia pahali ambapo dizeli haivuji, kwa hiyo ukavu wa nje usikudanganye. Njia ya uhakika ni kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya dizeli ya injini, uwashe, uangalie kama mapovu yanapita.

Ukiwa hapo, legeza koki ya filta umwage kidogo kwenye chupa. Maji yakionekana chini ya chupa, endelea kumwaga hadi itoke dizeli tupu.

Cha pili, solenoidi ya kuzima mafuta kwenye pampu. Funguo ikiwa imewashwa, chomoa waya wake na uurudishe: lazima usikie "tik". Hakuna mlio, pima kama volti 12 zinafika. Zikifika, solenoidi imekufa. Zisipofika, anza na fyuzi.

Cha tatu, plagi za hita. Toa bamba linaloziunganisha, pima kila moja kati ya kichwa chake na bloku. Nzima husoma karibu na sifuri, mbovu haisomi kabisa. Ununue zenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye za zamani, kwa sababu mifumo hutofautiana na plagi za volti 6 zikiwekwa kwenye mfumo wa 12 zitaungua upesi. Joto la Dar huficha ugonjwa huu. Pikapu inayowaka Mbagala ikiwa na plagi mbili zilizokufa itakulaza Makambako mwezi wa saba.

Onyo: injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haina ule mpigo wa mgandamizo, acha kupiga stata mara moja. Mkanda wa taimingi huenda umekatika, na kwenye injini hizi pistoni hukutana na valvu. Toyota walipanga mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kukumbusha. Kwenye gari lililopita mikono mingi taa hiyo haina ushahidi. Hujui nani aliizima na lini. Ukinunua pikapu isiyo na historia, mkanda na roli yake ya kukazia ni spea mbili za kununua bila kusubiri dalili yoyote. Nyingine zote zisubiri vipimo.

Na dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa ili injini ishtuke? Usipulize kabisa kwenye injini yenye plagi za hita. Inaweza kulipuka ndani na kuvunja pistoni.

Inachemsha

Hapa ndipo pesa nyingi huliwa Dar, na ndipo kujua *lini* inachemsha kunasaidia kuliko kujua chochote kingine.

Ikichemsha kwenye foleni, tuseme Ubungo saa kumi na moja jioni, kisha ikatulia ukianza kutembea, tatizo liko kwenye upepo: feni, mkanda wa feni, au vidirisha vya rejeta vilivyozibwa na tope na wadudu kwa nje. Ikitulia mjini na kuchemsha ukiwa na mzigo kuelekea Chalinze, maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba ndani, mpira wa chini unajikunja ukivutwa, au pampu imeliwa mapanga. Ikichemsha wakati wowote na maji yanapungua bila kuona tone chini, soma aya za hedi kwa makini.

Anza na kofia ya rejeta, injini ikiwa baridi. Toyota nyingi za umri huo zina kofia iliyoandikwa 0.9, yaani inashikilia shinikizo la bari 0.9, na kwa shinikizo hilo maji hufika takriban digrii 118 kabla ya kuchemka. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, maji yanachemka kwa digrii 100 na kumwagika, ingawa injini haina kosa. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu. Badilisha.

Halafu feni. Zile zenye klachi ya mafuta ya silikoni, zima injini ikiwa ya moto, subiri isimame kabisa, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikugomee. Ikizunguka kwa uhuru mizunguko kadhaa, klachi imekufa. Fundi wengine huichomelea feni ishike moja kwa moja. Inapoza, sawa, ila inakula nguvu na mafuta muda wote, na mapanga yakipasuka kwa mwendo mkali yanapita katikati ya rejeta.

Thamostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto. Ukimwambia fundi wa chini ya mwembe kuwa gari linachemsha, sentensi yake ya kwanza itakuwa "toa thamostati, huku ni joto." Usikubali. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na linaweza kuchemsha zaidi ukiwa na mzigo. Ukitembea bila mzigo nayo injini haifiki joto lake, inakula mafuta na kuchafua oili. Ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa moto. Nyingi huanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi, kabla maji hayajachemka vizuri. Isipofunguka, nunua nyingine. Ukikuta haipo kabisa, umeshajua gari hili lilikuwa na ugonjwa ambao mtu alitaka kuuficha.

Kuhusu maji yenyewe: visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji hayo hujenga magamba kwenye mirija ya rejeta na kula vyuma vya injini. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi. Hatuna baridi ya kugandisha, lakini kulanti ina kazi ya kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Rejeta iliyoziba ndani mpelekee fundi rejeta aifungue na kuizibua kwa vyuma. Ya shaba inazibulika, zile zenye matenki ya plastiki mara nyingi ni kubadilisha tu.

Sasa hedi. Injini ikiwa baridi, jaza maji hadi juu, acha kofia wazi, washa. Mapovu yakitoka mfululizo hata injini inapoanza kupata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine: mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha, au oili kwenye kijiti imegeuka chai ya maziwa. Hapo simama, usiendeshe hata hadi gereji ya jirani. Tafuta gari la kukuvuta.

Gasketi iliyoungua haiendi peke yake. Hedi ikishatolewa, ipelekwe karakana ya kuchonga vyuma ikapimwe kwa shinikizo na kuangaliwa kama imepinda, kwa sababu hedi za 2L zina sifa ya kupasuka katikati ya valvu zikichemshwa. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi isiyopimwa ni kulipa kazi ileile mara mbili. Na gasketi za injini hizi huja kwa unene tofauti, zikiwa na alama za kukatwa pembeni. Unene huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Fundi asiyejua alama hizo asiguse hedi yako.

Mawili ya usalama. Usifungue kofia ya rejeta hadi uweze kuuminya mpira wa juu kwa mkono bila kuungua. Usimwagie injini inayochemka maji baridi: chuma cha moto kinapasuka.

Moshi

Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa, ambayo kwenye vumbi la Goba au Kivule huziba mapema. Kisha nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zinazodondosha badala ya kupuliza. Kisha pampu ambayo mtu aliiongeza mafuta kwa skrubu ili "gari livute". Kazi ya nozeli na pampu ni ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, na usisogeze mkono kuona kama nozeli inapuliza: inatoa mafuta kwa zaidi ya bari 100, yanapenya ngozi na kuingia mwilini. Aliyechomwa na mafuta hayo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama jeraha ni kitobo tu.

Wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu na kuisha, ni mipira ya valvu, unaweza kuishi nao huku ukiongeza oili. Ukitoka muda wote unapokanyaga, fungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta: upepo wa nguvu na moshi unaosukuma kiganja chako ni ringi na silinda zilizochoka. Kabla ya kushusha injini, pima mgandamizo. Kwa 2L na 3L nzima husoma kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba, kikomo cha chini ni 20, na silinda zisitofautiane zaidi ya 5. Nambari hizo ziandikwe kwenye karatasi ubaki nazo.

Injini yenye moshi wa bluu ikipanda mzunguko yenyewe na haizimiki kwa funguo, inakula oili yake. Gia kubwa, breki, achia klachi ili izimike. Kwa gari la otomatiki ziba njia ya hewa kwa ubao au kitu kigumu. Mkono wako au kitambaa chepesi vitavutwa.

Mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi asubuhi ni plagi za hita, au taimingi ya pampu imesogea. Mweupe wa mvuke unaoendelea injini ikiwa ya moto, na maji yanapungua, unakurudisha kwenye hedi.

Haina nguvu ukipanda Pugu

Filta ya dizeli kwanza, hata kama fundi aliyepita anaapa aliibadilisha. Kisha waya wa mafuta: mtu akanyage pedali hadi mwisho huku wewe ukiangalia kama mkono wa pampu unafika mwisho. Mara nyingi haufiki. Kisha filta ya hewa, breki zinazoshika (shika rimu baada ya safari, lenye joto kuliko mengine lina jambo), na klachi inayoteleza. Klachi unaipima hivi: barabara tupu, gia ya tatu au ya nne, mwendo wa polepole, kanyaga mafuta hadi chini. Mlio wa injini ukipanda na mwendo haupandi, sahani imeisha.

Mafuta yenyewe pia. EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kuwabana wachakachuaji, lakini dizeli ya dumu ya pembeni mwa barabara haina wa kuiapia. Pampu za injini hizi hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, hivyo ikichanganywa na mafuta ya taa pampu inasagika. Ukarabati wa pampu unaweza kula bajeti yako yote ya mwaka.

Breki

Tumia pesa hapa kabla ya kugusa redio, rimu au rangi.

*Pedali inazama.* Angalia kiwango cha mafuta ya breki, kisha uvujaji: ndani ya tairi za nyuma, kwenye mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, kwenye mipira. Hakuna uvujaji lakini pedali ikishikiliwa inashuka taratibu? Masta silinda (pampu kuu ya breki) inapitisha ndani. Pedali inayopanda ukipampu mara mbili tatu ni breki za nyuma zilizolegea kwenye drami, au upepo. Mafuta ya DOT 3 hunyonya unyevu: mapya huchemka kwenye digrii 205, yaliyoshiba maji kwenye 140. Kwa unyevu wa pwani, badilisha yote mara moja ndani ya miaka miwili.

*Pedali ngumu, gari halisimami.* Kwenye Hilux za dizeli haidrovaki (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki) haivuti upepo kutoka kwenye injini. Inategemea pampu ndogo ya vakyumu iliyokaa nyuma ya oltaneta. Watu wengi hubadilisha haidrovaki bure. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, endelea kuikanyaga kisha washa: ikishuka kidogo mfumo unafanya kazi. Isiposhuka, chomoa mpira kwenye haidrovaki injini ikiwa inafanya kazi na usikie kama unavuta. Hauvuti, kagua nyufa za mpira, kisha pampu. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini, na sili yake ikifa oili inaingia kwenye oltaneta. Kwa hiyo oltaneta iliyolowa oili na breki ngumu ni ugonjwa mmoja.

*Nyuma hazishiki, au zinafunga gari likiwa tupu.* Chini ya bodi, karibu na eksili ya nyuma, kuna valvu iliyoungwa kwa fimbo. Inasoma gari limekaa juu au chini, na kupunguza nguvu ya breki za nyuma likiwa tupu. Ukiongeza majani ya springi ili kubeba zaidi, gari linakaa juu, valvu inadhani siku zote ni tupu, na mzigo wote unasimamishwa na breki za mbele. Suluhisho ni kurekebisha fimbo. Wanaoiziba valvu na kuunganisha bomba moja kwa moja wanafanya tairi za nyuma zifunge kwenye lami yenye maji. Barabara ya Mandela siku ya mvua si mahali pa kujaribia.

Ukishabadilisha mpira au bomba lolote, toa upepo ukianzia gurudumu la mbali na masta silinda. Jaribu kwenye uwanja kwanza. Ukiwa hujawahi kufanya kazi ya breki, simama hapa na umlipe fundi, lakini kaa umwone akifanya. Bomba la breki la chuma lisichomelewe wala kuungwa kwa mpira na vibano, linatengenezwa jipya.

Usukani unatikisika au una mchezo

Upepo wa tairi, balansi, nati za magurudumu. Bado? Inua mbele kwenye stendi, shika tairi juu na chini uitikise: mchezo ni bol jointi au bearingi. Shika kushoto na kulia: ni tairodi, au ule mkono wa upande wa abiria unaofuata usukani, ambao husahaulika. Kwenye zile za mbele zenye springi bapa na eksili nzima, bushi za springi zilizokwisha peke yake zinatosha kufanya gari litangetange. Mchezo ukiwa kwenye boksi la usukani lenyewe, kuna skrubu ya kukazia juu yake na kila mtu anaijua. Ikikazwa kupita kiasi usukani unagoma kurudi katikati ukikata kona. Mwachie anayeijua.

Umeme

Injini ikiwa inafanya kazi, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo kagua mkanda na kaboni za oltaneta. Juu ya 15, regyuleta imekufa na betri itachemka. Betri inayokufa usiku mara nyingi inanyonywa na redio au alamu iliyofungwa kiholela: zima kila kitu, chomoa fyuzi mojamoja huku ukipima. Waya uliolainika au ganda lililoyeyuka usiufunge selotepu. Fyuzi isibadilishwe na kubwa zaidi, wala waya wa shaba. Pikapu hushika moto kwa njia hiyo.

Giaboksi na difu

Gari lililopita kwenye maji ya Jangwani wakati wa mafuriko, au ambalo huna historia yake, legeza nati ya chini ya difu kidogo tu. Oili nyeupe ina maji: mwaga, weka mpya, endesha siku chache, mwaga tena. Fungua nati ya kujazia *kabla* ya ile ya kumwagia, maana ikigoma utabaki na difu kavu. Zibua pia kipumulio juu ya difu, ndiko maji yalikopita. Vumo linaloongezeka na mwendo na kubadilika ukiachia mafuta ni meno ya difu. Kupanga meno hayo kunahitaji vipimo, kwa hiyo usifungue.

Injini imeshindikana, unataka nyingine

Kama mgandamizo uko chini ya kikomo na hedi imepasuka, injini iliyotumika inaweza kuwa na bei nafuu kuliko ovahoo (kuifungua injini yote na kuifufua) ya heshima. Sharti la kwanza isikike ikiwaka ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana sababu. Fungua kifuniko cha oili, piga tochi ndani, angalia tope jeusi. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku na iliyoandikwa kwenye risiti, na risiti iwe na jina la muuzaji. Kadi ya gari ina namba ya injini, hivyo baada ya kubadilisha peleka taarifa TRA ili kadi irekebishwe. Bloku ambayo namba yake imesagwa iache pale pale dukani, hata ikiuzwa nusu bei.